Fumbo la Jukwaani: Utata wa Maneno ya Wanasiasa na Wafasiri Wake

UTANGULIZI

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi maneno ya wanasiasa yenye utata yanavyopata maana, na ni nani hasa anayeyapa maana hiyo. Nchini Kenya jambo hili limezoeleka hata laonekana si jambo tena. Mwanasiasa husimama jukwaani siku ya Jumapili akalitupa neno lisilo na anwani. Jumatatu wafuasi wake hulieleza hivi na mahasimu wake hulieleza vile. Magazeti nayo hulitia katika lugha nyingine. Ifikapo Jumanne msemaji mwenyewe hujitokeza na kutangaza kwamba hakueleweka. Katika purukushani hiyo watu wengi huuliza swali moja tu: Je, alikusudia nini? Swali hilo ni la haki, lakini peke yake halitoshi, kwa kuwa jawabu lake limo moyoni mwa mtu mmoja, na moyo wa mtu ni msitu.

Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba utata wa kisiasa ni kazi inayofanywa kwa ushirika. Msemaji huacha pengo katika usemi wake. Wafasiri hulijaza pengo hilo. Na gharama ya fasiri hulipwa aghalabu na mtu wa tatu, ambaye jina lake halikutajwa na yeyote. Ili kuibainisha hoja hii, fumbo la jadi litalinganishwa kwanza na fumbo la jukwaani. Kisha zitatazamwa nyenzo ambazo sarufi ya Kiswahili humpa msemaji asiyetaka kutaja. Baada ya hapo yatachunguzwa maneno matatu yaliyotikisa siasa za Kenya kwa nyakati mbalimbali: nyayo, msaliti na madoadoa.

FUMBO KATIKA JADI YA WASWAHILI

Si ajabu kwamba wasemaji wa Kiswahili hupenda kauli zilizofumbwa. Fasihi yao imelelewa na mafumbo. Katika kisa cha Fumo Liyongo, shujaa huyo akiwa kifungoni alimwimbia kijakazi Saada wimbo ambao walinzi waliusikia wasiuelewe. Wimbo ulimwagiza mama yake aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi waliila mikate mizuri, wakamwachia mfungwa ule wa wishwa, naye akaitumia tupa kukata minyororo. Mombasa nako, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, Muyaka bin Haji alitunga mashairi yaliyojaa mafumbo wakati Wamazrui walipokuwa wakishindana na Sayyid Said wa Oman. Mashairi ya namna hiyo yalijibiwa na washairi wengine, na majibizano hayo yakawa sehemu ya maisha ya mji.

Mifano hii ina sifa tatu za kukumbukwa. Kwanza, fumbo la jadi lina jawabu. Liyongo alijua alichokitaka, na mama yake alipoisikia tupa ndani ya wimbo alikuwa amefika mwisho wa fumbo. Pili, fumbo hilo lina mwenyewe, ambaye hulikiri jawabu linapopatikana. Mshairi aliyefumbuliwa hasemi kwamba alinukuliwa vibaya. Tatu, limeelekezwa kwa mtu mwenye uwezo wa kulijibu. Methali yasema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii inamchukulia mfumbaji kuwa anacheza mchezo wenye kanuni, ambao mwerevu anaweza kuushinda.

Fumbo la jukwaani huvaa nguo zile zile, na kwa sababu hiyo hupokewa kwa heshima ile ile ya jadi. Umati hushangilia kwa kuwa umepewa kitu cha kufumbua. Hata hivyo ndani yake sifa zile tatu hazimo. Jawabu halikuwekwa, au yamewekwa majawabu mengi kwa pamoja; mwenye fumbo hayuko tayari kulikiri jawabu lolote; na yule anayeguswa nalo mara nyingi hayupo mkutanoni wala hana jukwaa la kujibia.

SARUFI YA PENGO

Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kusema ni kutenda: mtu anayetamka neno huahidi, huonya, hutisha au huamuru. H. P. Grice naye, mwaka 1975, alieleza kwamba msikilizaji hukamilisha mwenyewe yale ambayo msemaji ameyaacha, kwa kuwa humdhania msemaji kuwa ana jambo la maana la kusema. Mawazo haya mawili yakiunganishwa huonyesha siri ya fumbo la jukwaani. Msemaji anaweza kutenda tendo zito, kama vile kutisha, kwa kuitumia kazi ya ukamilishaji inayofanywa na msikilizaji. Tendo linakuwepo, lakini sehemu yake kubwa imetendeka kichwani mwa mtu mwingine.

Kila lugha ina zana zake za kuachia pengo. Zana nne za Kiswahili zafaa kutajwa.

Ya kwanza ni kauli. Kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumwacha mtenda: "fedha zimeibwa" yatuambia kwamba mwizi yupo, ila hakutajwa. Kauli ya kutendeka huenda mbali zaidi, kwa kuwa huuficha hata uwepo wa mtenda: "fedha zimepotea", "mambo yameharibika", "imejulikana", "yasemekana". Anayesema "imejulikana kwamba wako watu wanaotaka kuvuruga amani" hakusema ni nani aliyejua, wala alijuaje, wala watu hao ni akina nani. Sentensi imekamilika kisarufi, na kila nafasi muhimu ndani yake i tupu.

Ya pili ni viambishi vya nafsi. Kiambishi a- cha nafsi ya tatu hakibagui mwanamume na mwanamke, na hivyo "yuko mtu anayejiandaa" huacha mlango wazi kwa kila mtu nchini. Kiambishi tu- nacho hakimtengi anayesikiliza na asiyesikiliza: "tutashinda" yaweza kuwa ni sisi pamoja nanyi, au ni sisi bila ninyi. Lakini kiambishi chenye utata mkubwa kuliko vyote ni -wa- cha mtendwa, ambacho husimama mahali pa "ninyi" na pia mahali pa "wao". Neno "tutawaonyesha" ni ahadi kwa wasikilizaji, ikiwa -wa- ni ninyi. Ni kitisho kwa wasiokuwepo, ikiwa -wa- ni wao. Msemaji anayetaka kuondoa utata ana njia ya kufanya hivyo, kwani anaweza kusema "tutawaonyesheni". Asipoitumia njia hiyo mbele ya umati uliochemka, yafaa kuuliza kwa nini.

Ya tatu ni vionyeshi na maneno ya ujamaa: "wale", "hao", "wenzetu", "watu wetu", "wageni wetu". Kionyeshi huhitaji kidole, na jukwaani kidole hakionekani. Neno "wenzetu" hasa ni la ajabu, kwa kuwa hutumika kwa upendo kuwataja walio nasi, na kwa kejeli kuwataja wasio nasi. Sauti ndiyo inayotofautisha maana hizo, na sauti haiandikwi gazetini.

Ya nne ni sitiari. Sitiari ya jukwaani hubeba kitenzi chake ndani kwa ndani. Kwekwe hung'olewa. Doa hufutwa au husafishwa. Nyoka hupondwa kichwa. Msemaji anayewaita watu kwekwe hana haja ya kusema wafanywe nini. Mkulima yeyote anajua kwekwe hufanywa nini. Kwa njia hii amri hutolewa bila kitenzi cha kuamuru, na baadaye ni rahisi kuapa kwamba hakuna amri iliyotolewa.

NYAYO: NENO LINALOHITAJI MTEMBEZI

Rais Jomo Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, na Daniel arap Moi akashika nafasi yake. Neno alilolitwaa liwe kitambulisho cha utawala wake ni nyayo. Kisarufi, nyayo ni nomino isiyotulia peke yake. Pakiwa na nyayo lazima pawe na mtu aliyepita, na msikilizaji mara moja huuliza: nyayo za nani? Mwaka 1978 jawabu lilikuwa dhahiri. Zilikuwa nyayo za Kenyatta, na neno hilo liliwatuliza waliokuwa na hofu kwamba mambo yangebadilishwa ghafula. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani miaka miwili tu kabla yake, mwaka 1976, kundi la wanasiasa lilikuwa limejaribu kuibadili katiba ili makamu wa rais asirithi urais moja kwa moja.

Miaka ilipopita, mtembezi alibadilika huku neno likibaki lile lile. "Nyayo" ikawa jina la rais mwenyewe, ikawa salamu ya mikutano, ikawa jina la maziwa waliyogawiwa watoto wa shule, na ikaelezwa kuwa ni falsafa ya upendo, amani na umoja. Kiunganishi "za" kilichokuwa kikilifunga neno hilo kwa Kenyatta kilikuwa kimeanguka njiani bila mtu kutangaza kuanguka kwake. Tarehe 13 Septemba 1984, aliporejea kutoka safari ya nje, Rais Moi aliwaambia mawaziri na viongozi wengine waimbe kama kasuku wimbo aimbao yeye, kama yeye mwenyewe alivyouimba wimbo wa Kenyatta. Tangu hapo haikuwa na shaka nyayo zilikuwa za nani.

La muhimu kwa makala haya ni matumizi ya neno hilo katika mashindano ya watu wa ngazi za chini. Maadamu hakuna aliyekuwa ameandika orodha ya mambo ambayo ni nyayo na ambayo si nyayo, kila mwanasiasa wa wilayani aliweza kumshutumu hasimu wake kwamba hafuati nyayo. Shutuma hiyo haikuwa na kipimo cha kuithibitisha, na kwa hiyo haikuwa na kipimo cha kuikanusha. Neno lililoanza kwa kutuliza hofu likawa chombo cha kuizua.

MSALITI: MIEZI MIWILI YA KUMTAFUTA MTU

Mfano ulio wazi zaidi katika historia ya Kenya ni ule wa mwaka 1983. Nchi ilikuwa imetoka katika jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, na kabla yake, mwezi wa Juni mwaka huo huo, katiba ilikuwa imebadilishwa ili KANU kiwe chama cha pekee kisheria. Katika hali hiyo ya wasiwasi, mwezi wa Mei 1983, Rais Moi alisema katika mkutano wa hadhara huko Kisii kwamba kuna mataifa ya kigeni yanayomwandaa mtu fulani ili aitwae serikali. Jina hakulitaja.

Sentensi hiyo ilikuwa na nafasi mbili tupu: mtu ni nani, na mataifa hayo ni yapi. Ni nafasi ya kwanza iliyoishughulisha nchi nzima. Katika majuma yaliyofuata, neno lililoenea kumtaja mtu huyo asiye na jina lilikuwa "msaliti". Wabunge, viongozi wa chama na wengineo walilichukua wakalitembeza. Wengine walidai atajwe. Wengine walitoa ishara za kumtambulisha bila kumtaja. Katika mashindano ya namna hiyo hakuna pa kujificha. Anayenyamaza hushukiwa kwa kunyamaza kwake, na anayepiga kelele sana hushukiwa kwamba anajifunika. Njia pekee ya kuonyesha kwamba wewe siye ni kumtaja mwingine.

Yafaa kulichunguza neno lenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku msaliti ana daraja nyingi. Anayetoa siri ya rafiki ni msaliti. Anayewachonganisha jamaa wawili ni msaliti. Anayeiuza nchi yake kwa adui pia ni msaliti. Neno ni moja, na uzito wa kosa huamuliwa na muktadha. Lilipotiwa katika Kiingereza cha magazeti, daraja hizo zilipotea. Likabaki lile la juu peke yake, la mhaini, ambaye katika sheria za Kenya adhabu yake ni kifo. Kwa hiyo tendo la kutafsiri lilikuwa tayari ni tendo la kuhukumu. Neno lililoweza kuwa lawama barazani liligeuka kuwa shtaka la kunyongwa lilipovuka lugha.

Tarehe 29 Juni 1983, waziri Elijah Mwangale alilitaja jina Bungeni: Charles Njonjo, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu tangu 1963 hadi 1980, na ambaye wakati huo alikuwa waziri na mbunge wa Kikuyu. Njonjo alisimamishwa uwaziri, akajiuzulu ubunge, na tume ya majaji watatu, Cecil Miller akiwa mwenyekiti pamoja na Chunilal Madan na Effie Owuor, ikaundwa kumchunguza. Uchaguzi mkuu uliitishwa kabla ya wakati wake, ukafanyika tarehe 26 Septemba 1983. Mwaka 1984 wanasiasa kadhaa walifukuzwa chamani kwa kuhusishwa naye. Tume ilipomaliza kazi yake ilimwona na makosa, na tarehe 12 Desemba 1984 Rais akamsamehe.

Kuna kinaya katika kisa hiki ambacho mchunguzi wa lugha hawezi kukipita. Mwezi wa Oktoba 1976, wakati wa lile vuguvugu la kubadili katiba, ni Njonjo mwenyewe, akiwa Mwanasheria Mkuu, aliyetoa onyo kwamba kuwaza au kukusudia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Onyo lile liliyapa maneno ya watu waliokuwa wakijadili urithi wa kiti fasiri nzito kuliko zote zilizowezekana, na mjadala ukanyamaza. Miaka saba baadaye fasiri nzito kuliko zote ilimwangukia yeye. Aliyewahi kuwa mfasiri mkuu akawa mfasiriwa. Hapa haihitajiki kuamua kama alikuwa na hatia au la. Linalohitajika ni kuona kwamba kati ya Mei na mwisho wa Juni watu wengi wangeweza kuingia katika pengo lile lile, na sentensi ya Kisii isingebadilika hata neno moja.

MADOADOA: NOMINO NA UPATANISHO WAKE

Charles Njonjo alifariki tarehe 2 Januari 2022. Siku sita baadaye, tarehe 8 Januari, neno jingine lenye historia ndefu lilisikika jukwaani huko Eldoret. Mithika Linturi, aliyekuwa Seneta wa Meru, aliwahimiza wasikilizaji kuhusu madoadoa waliomo miongoni mwao. Kesho yake alitiwa nguvuni. Aliomba radhi, na ilielezwa kwa upande wake kwamba waliokusudiwa ni wanasiasa wasiouunga mkono mrengo wake.

Fasiri hiyo haikuwa muhali. Chama chaweza kuwa na madoa kama vile nguo inavyokuwa na madoa. Lakini neno halisimami jangwani. Husimama mahali fulani na lina umri wake. Mapigano ya kikabila yalipoanza katika shamba la Meteitei, wilayani Nandi, mwezi wa Oktoba 1991, na kuenea Bonde la Ufa na sehemu za magharibi mwaka 1992, "madoadoa" lilikuwa miongoni mwa maneno yaliyowataja wakazi waliotoka katika jamii nyingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini kwa hesabu ya tume ya Jaji Philip Waki, na Uasin Gishu, ambako Eldoret ndio mji mkuu, kulikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mtu aliyechomewa nyumba yake huko, alisikiapo neno hilo, hafungui kamusi. Kumbukumbu yake ndiyo kamusi.

Sarufi pia ina ushahidi wa kutoa. Doa ni nomino ya ngeli ya LI-YA, na likirudufiwa katika wingi, "madoadoa", huleta picha ya vitu vidogo vilivyotapakaa juu ya kitu kimoja kikubwa, kama rangi za ng'ombe. Upatanisho wake wa kawaida ni wa vitu: madoadoa haya, hayo, yale, yaondolewe. Nomino ya ngeli hiyo inapotumiwa kwa viumbe wenye uhai, upatanisho hugeuka na kufuata ngeli ya kwanza na ya pili: madoadoa hawa, hao, wale, waondolewe. Anayesikiliza hotuba na asikie "yale madoadoa" yaelekea amesikia habari za uchafu au kasoro. Akisikia "wale madoadoa" amesikia habari za watu. Upatanisho hautaji jina la mtu wala kabila lake, lakini hukata shauri moja kubwa, kwamba kinachotakiwa kuondolewa kina pumzi. Msemaji aweza kuificha nia yake katika nomino, na kiambishi kikaitoa nje.

Yafaa pia kukumbuka jinsi sheria ilivyojaribu kulikabili jambo hili. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, katika kifungu cha 13, haikuishia katika nia ya msemaji. Yatosha, kwa mujibu wa kifungu hicho, ikiwa kwa kuzingatia hali zote zilizokuwepo chuki ya kikabila ingeelekea kuchochewa. Mtazamo huo, kwa macho ya mwanaisimu, ni wa busara, kwa kuwa unalirudisha neno katika muktadha wake. Njia nyingine iliyojaribiwa ni ya kutunga orodha. Mwezi wa Aprili 2022 tume iliyoundwa chini ya sheria hiyo ilitoa msamiati wa maneno ya chuki, ambamo "madoadoa" na "kwekwe" yalikaa pamoja na "hatupangwingwi", "watajua hawajui" na "chunga kura". Orodha huonya, lakini haiwezi kukamata fumbo. "Chunga kura" laweza kuwa shauri jema la raia mwema, au wito wa kuwazuia wengine wasipige kura. Tena neno likipigwa marufuku, fumbo huhamia katika neno jingine kabla wino wa orodha haujakauka, kwa kuwa makao ya fumbo ni pengo lililoachwa, na pengo laweza kuachwa katika neno lolote.

WAFASIRI WANNE

Mifano hii mitatu yaonyesha kwamba neno la jukwaani hupita katika mikono minne kabla ya kutulia.

Wa kwanza ni mfuasi. Yeye hulifasiri kwa faida ya mkubwa wake, na mara nyingi huenda mbele kuliko mkubwa alivyokwenda, kwa kuwa anataka kuonekana amemwelewa kabla ya wengine. Ndiye aliye hatari zaidi, maana hutenda.

Wa pili ni hasimu. Yeye huchukua fasiri iliyo mbaya kuliko zote na kuitangaza kuwa ndiyo ya pekee. Huenda akawa amesema kweli. Lakini kwa kuitangaza huieneza pia, na waliokuwa hawajaisikia fasiri hiyo huisikia kwake.

Wa tatu ni mwandishi wa habari, ambaye mara nyingi pia ni mtafsiri. Hotuba hutolewa kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, na habari huandikwa kwa Kiingereza. Katika safari hiyo viambishi hulazimika kuchagua: -wa- lazima iwe ninyi au wao, msaliti lazima awe wa daraja moja. Utata ambao msemaji aliuacha huondolewa na mtu aliyeketi ofisini na saa ya mwisho ya gazeti ikimkabili.

Wa nne ni msemaji mwenyewe, anayerudi kuwa mfasiri wa maneno yake. Kauli zake zinajulikana: "nilinukuliwa vibaya", "maneno yangu yalipotoshwa". Yafaa kutambua kwamba kauli hizi nazo zimo katika hali ya kutendwa isiyo na mtenda. Aliyenukuu vibaya hatajwi. Hata katika kujitetea, msemaji huacha pengo.

MAFUMBO SI MAMOJA

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba kila fumbo katika siasa ni ovu. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika kijikaratasi "Kenya: Twendapi?" kwa lugha isiyofumbwa hata kidogo, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Huko gerezani alitunga mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, na baadhi yake yamefumbwa kwa ustadi mkubwa. Aliyeadhibiwa kwa kusema wazi alikimbilia mahali ambapo jadi ilikuwa imemtayarishia maficho, kama Liyongo kabla yake.

Tofauti ya mafumbo haya na yale ya jukwaani imo katika mwelekeo wa nguvu. Fumbo la mnyonge humkinga msemaji na mwenye nguvu. Likifumbuliwa vibaya, anayeumia ni yule aliyelisema. Fumbo la mkubwa humkinga msemaji na dhima; likifumbuliwa vibaya, anayeumia ni mwingine: mwanasiasa aliyeingizwa katika pengo, au jirani aliyeitwa doa. Kwa hiyo kipimo cha kulitathmini fumbo la kisiasa hakiwezi kuwa ustadi wake wa lugha. Ni lazima kuuliza nani atalipa.

HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maana ya neno tata la kisiasa hukamilishwa na wengi, na kwamba sarufi ya Kiswahili ina sehemu maalumu ambamo pengo huachwa: katika kauli, katika viambishi vya nafsi, katika vionyeshi na katika sitiari. Yakikubaliwa haya, mwalimu wa Kiswahili ana kazi ambayo mwanasheria na mwandishi wa habari hawawezi kuifanya peke yao. Somo la kauli ya kutendeka au la upatanisho wa ngeli, ambalo kwa wanafunzi wengi ni adhabu, laweza kufundishwa kwa hotuba za jukwaani. Mwanafunzi apewe sentensi na aulizwe: mtenda ni nani, naye ametajwa? Kiambishi hiki kinamrejelea nani? Sitiari hii imebeba kitenzi gani? Neno hili limewahi kutumiwa wapi, na nini kilifuata? Na ikiwa fasiri iliyo mbaya ndiyo itakayoshika, nani hatalala nyumbani kwake usiku huo?

Msemaji naye hana udhuru wa kudai kwamba lugha ilimponyoka. Kiswahili kilichompa "wale" kilimpa pia majina, na kilichompa "tutawaonyesha" kilimpa "tutawaonyesheni". Kila palipoachwa pengo palikuwa na neno la kulizibia, nalo lilikuwa jepesi kulitamka.